Bush, kichaka na sisi wa mjini

Jamani, hebu tuliongelee hili la Bush mpaka liishe.

Februari 2008, George W. Bush alipokuja Tanzania, nilikuwa shule ya msingi. Kina mama walivaa vitambaa vyenye sura yake, na pale Ikulu akatiliana saini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698 za barabara, umeme na maji. Mimi ninachokumbuka zaidi ni kicheko. Kila kijiwe kilikuwa na bingwa wake wa Kiingereza aliyetutangazia kwamba mgeni wetu anaitwa Rais Kichaka. Utani huo haujafa. Nimeusikia tena juzi tu, na aliyeutoa ana digrii ukutani.

Sina ugomvi na kumcheka Bush. Aliyeivamia Iraq mwaka 2003 kwa ajili ya silaha ambazo hazikuonekana hahitaji mimi nimtetee. Lakini kwa Waingereza wenyewe jina lile halina aibu yoyote. Majina mengi ya ukoo kule yalianza kama anwani: aliyekaa jirani na kichaka akaitwa hivyo, kama tunavyosema Juma wa Bondeni. Tena zamani wauza mvinyo walining'iniza fungu la majani mlangoni kama bango, nalo likiitwa "bush". Ndiyo maana wana methali kwamba mvinyo mzuri hauhitaji majani mlangoni. Sisi tunasema chema chajiuza.

Neno lilichafuka lilipopanda meli. Lilipofika makoloni likawa jina la kila mahali ambapo si mjini. Sisi tuna kichaka, pori, nyika, mbuga, msitu, na mchunga ng'ombe yeyote atakueleza tofauti zake huku anatembea. Mkoloni akavifagia vyote akaviita "bush". Halafu angalia matumizi yake. Paa akipigwa risasi Scotland, Kiingereza kinamwita mnyama wa mawindo, na mlo wake una heshima hotelini. Swala akiwindwa Afrika, nyama yake ni "bushmeat". Kitendo kimoja, bunduki moja, majina mawili. Wasani wa kusini mwa Afrika wao waliitwa watu wa vichakani na Wadachi wa Cape, Kiingereza kikalibeba jina hilo hivyo hivyo.

Nikiri hapa kwamba mambo hayako upande mmoja. Waganda waliopigana na Museveni kati ya 1981 na 1986 wanaitaja vita ya "bush" kwa kifua mbele, na kwa miaka mingi kuwahi kuwa msituni kulikuwa cheti kikubwa cha siasa kuliko shahada ya Makerere. Na wala tusijifanye malaika: neno mshamba hatukuletewa na Mwingereza. Mshenzi nalo, watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara kabla Mwingereza hajatutawala.

Lakini ndiyo hasa kinachonikera. Tulikuwa na matusi yetu ya kututosha, tukaongeza la kukopa! Sikiliza vijana wa mjini: "Ametoka bush huyo", "wamempanga kazi bush", "Krismasi naenda bush kwa bibi". Kwa bibi! Bibi ana kata, kijiji na kitongoji, ana hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa... samahani, ya kijiji, unaona nami nilivyoharibika? Kahawa, korosho na mchele wa pilau yako vimetoka kwake.

Kwenye magazeti ndiyo aibu zaidi. Mwandishi akitumwa mkoani, wenzake wanampa pole kwamba kapelekwa bush. Akileta habari ya zahanati isiyo na dawa, inakatwa inakuwa aya mbili ukurasa wa ndani, kwa sababu mambo ya bush ndivyo yalivyo. Foleni ya Ubungo inapewa picha.

Jumatatu naondoka kwenda Kilosa. Mwenzangu ameshaniuliza huko bush nitalala wapi. Nimemwambia Kilosa kuna stesheni ya SGR, akate tiketi aje aone. Kanijibu "poa", akarudi kwenye simu yake.