Maji ya mkimbiaji wa mwisho

Saa mbili na dakika chache baada ya mlio wa bastola, mshindi wa marathoni huwa amekwisha kuvuka mstari, amevishwa shada la maua na anahojiwa na redio. Baada ya saa nne wanaingia watu wa klabu, wenye saa kubwa mkononi na viatu vya rangi kali. Baada ya saa tano na nusu barabara hubaki na watu wa namna nyingine kabisa: mama aliyeambiwa na daktari kuwa sukari imepanda, mwalimu mstaafu, kijana mnene aliyeamua mwaka huu lazima amalize hata kwa kutembea. Mara nyingi hao ndio wanaokuta meza ya maji imekunjwa, chupa tupu zimetapakaa chini, na daladala zimerudi barabarani zinawapigia honi wasogee pembeni. Ada walilipa ileile. Bango lililowaita lilisema mbio ni za watu wote.

Kila msimu unapoanza, kutoka Moshi hadi Kampala, hubishaniwa kama marathoni ni ya wanaokimbia kweli au ni ya kila mwenye miguu. Upande mmoja unasema kilomita 42 na mita 195 ni kipimo, na kipimo kikilegezwa kwa kila mtu hakipimi kitu. Anayetembea nusu ya njia, wanasema, anavaa medali sawa na aliyeamka saa kumi alfajiri miezi sita mfululizo. Upande wa pili unajibu kwamba mbio ni afya na undugu, kwa hiyo asiachwe mtu. Pande zote mbili zina maneno mazuri, lakini hakuna anayezungumzia ile meza ya maji.

Ni vyema kuanza kwa kuwaondoa mabingwa katika ugomvi huu, maana wengi huwatwisha mzigo usio wao. Iten, kule Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, kuna mazoezi ya Alhamisi asubuhi ambayo wageni hutoka Ulaya kuja kuyaona. Ni mazoezi ya kubadili kasi, wenyewe huyaita fatleki. Wanariadha wapatao mia mbili na zaidi hukusanyika kwenye barabara ya udongo mwekundu, mmoja anatangaza dakika ngapi za kasi na ngapi za kupumzika, kisha wanaondoka. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna anayeulizwa muda wake bora. Mgeni anaruhusiwa kujiunga, na baada ya dakika kumi hubaki peke yake na vumbi. Hakuna aliyemdharau. Wale wako kazini. Kumlaumu mwanariadha wa Iten kwa kutomngoja mgeni ni sawa na kumlaumu fundi mwashi kwa kutoshusha mwiko ili apige soga na mpita njia.

Dharau, inapokuwepo, haitoki kwa mtu wa saa mbili. Hutoka kwa mtu wa saa nne kasoro anayemcheka mtu wa saa sita, wakati yeye mwenyewe anapofika mabingwa wamekwisha kuoga na kunywa chai.

Ajabu ni kwamba Tanzania, kuliko nchi nyingine yoyote katika ukanda huu, ingepaswa kuwa ya mwisho kumcheka mtu wa mwisho. Ukiondoa Filbert Bayi na rekodi yake ya mita 1,500 ya mwaka 1974, mkimbiaji Mtanzania anayejulikana zaidi duniani ni John Stephen Akhwari, na anajulikana kwa kuwa wa mwisho. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka njiani katika msukumano, akaumia goti, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3:25:27, jua limekwisha kuzama, mguu umefungwa bandeji, na watazamaji wamebaki elfu chache tu. Walianza 75, wakamaliza 57, naye akawa wa 57.

Huwa inasimuliwa kama habari ya moyo wa mtu mmoja, na ni kweli. Lakini kuna upande wa pili ambao hausimuliwi. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, njia ya Akhwari ilikuwa bado wazi, mstari wa kumalizia ulikuwa bado upo, na mwenye kuandika muda alikuwa bado na kalamu mkononi. Laiti wangekuwa wamefungasha, dunia isingekuwa na picha ile. Na kwa kuwa watu wa kasi wanapenda hesabu, wapewe moja: muda wa Akhwari wa siku ile usingemwingiza leo katika marathoni ya Boston kwa njia ya kufuzu. Boston ilianza kudai muda wa kufuzu mwaka 1970, na kwa mwanamume wa chini ya miaka 35 kipimo cha mbio za 2026 ni saa 2:55.

Boston angalau haidanganyi mtu. Inasema mlangoni kuwa nafasi zake nyingi ni za wenye kasi, na asiye nayo anajua atafute mbio nyingine au aingie kwa kuchangisha fedha za hisani. Shida iko kwa mbio zinazomwita kila mtu, zikapokea fedha ya kila mtu, kisha zikamhudumia nusu yao. London ilionja aibu hiyo mwaka 2019. Waandaaji walikuwa wameweka mwongozaji wa kundi la saa saba na nusu, yaani walijua kabisa kuwa kundi hilo lipo na walilikaribisha. Lakini lilipopita, lilikuta vituo vya maji vinabomolewa, magari ya usafi yananyunyiza barabara, na baadhi ya wafanyakazi wanawaambia kuwa ni wanene na wa polepole. Waandaaji waliomba radhi, na miaka iliyofuata waliweka kikosi cha kutembea nyuma ya wote ili wa mwisho asiwe peke yake. Kama London yenye mabilioni ilijikwaa hapo, miji yetu isione haya kujitazama.

Waandaaji nao wana hoja, na si ndogo. Kufunga barabara ya mji ni gharama, polisi wanataka posho, gari la wagonjwa linalipiwa kwa saa, na wale vijana wa kugawa maji wamesimama tangu alfajiri bila kifungua kinywa. Mama mjamzito anayewahi hospitali naye ana haki na barabara hiyo. Kwa hiyo muda wa mwisho lazima uwepo. Anayedai kuwa kuweka muda wa mwisho ni ubaguzi hajawahi kuandaa hata harusi.

Tazama Afrika Kusini. Comrades, mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianza mwaka 1921, na zina muda wa mwisho mkali kuliko zote: saa 12. Ikifika sekunde hiyo, mtu aliyeupa mstari mgongo, ili asione anayekaribia ni nani, anapiga bastola. Aliyebakiza hatua mbili hapati medali, hata akiwa analia, na wengi wamelia mbele ya kamera. Ni ukatili, lakini ukatili ulioandikwa kwenye fomu. Kwa upande wa pili, kabla ya bastola ile barabara ni ya mkimbiaji, na anayemaliza kwa saa 11 na dakika 59 ni mmaliziaji kamili kama mwingine yeyote. Ndiyo maana kule kuna kitu wanachokiita basi: mzoefu mmoja anajitolea kuongoza kundi zima la watu wa taratibu, anawapangia wapi watembee na wapi wakimbie, wanaimba pamoja, na anawafikisha dakika chache kabla ya mlango kufungwa. Umati hupiga kelele kwa basi la mwisho kuliko unavyompigia mshindi.

Mbio hizohizo, ikumbukwe, ziliwafungia nje watu weusi na wanawake katika orodha rasmi mpaka mwaka 1975. Robert Mtshali, Mwafrika, alikimbia njia nzima mwaka 1935, na matokeo rasmi hayakumtaja. Anayesema kuwa mila ya mchezo haiguswi aanze kwa kueleza ni mila ipi anayoitetea.

Nyumbani, tena, watu hawakungoja marathoni kufundishwa kukimbia pamoja. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka: alfajiri, miguu peku au raba za turubai, mmoja anaanzisha wimbo na shule nzima inaitikia. Klabu za jogging za Temeke, Mbagala na Kinondoni ni watoto wa mchakamchaka ule. Siku ya Jumapili zinatoka na fulana za rangi moja, filimbi na ngoma, zinatembeleana kwa mabonanza, na mwanachama akifiwa mchango unapitishwa. Kasi inapangwa na wimbo. Anayetweta hawezi kuitikia, na wimbo ukififia nyuma, wa mbele wanapunguza mwendo. Hakuna kifaa cha kisasa kilichobuni njia bora zaidi ya kumchunga wa mwisho. Madereva huwalaani wanapoziba njia, na mara nyingine wana sababu.

Majirani wameligeuza jambo hili kuwa utaratibu wa mji. Kigali, tangu mwaka 2016, hufunga baadhi ya barabara zake kuu kwa magari, siku hizi Jumapili mbili kila mwezi. Watu wanakimbia, wanatembea, wanasukuma watoto kwenye vigari, na mahali pa kukusanyikia hupimwa sukari na presha bure. Hakuna namba kifuani wala anayeshinda. Kampala ina mbio za kila Aprili za kusherehekea kuzaliwa kwa Kabaka. Zinaanzia Lubiri, Mengo, zina kilomita 5, 10 na 21, na kiingilio ni bei ya fulana. Maelfu kwa maelfu wanajitokeza, wengine na kanzu chini ya fulana hiyo, na fedha zimepelekwa kwenye vita dhidi ya selimundu na UKIMWI. Ukimwuliza mtu wa Kampala amemaliza kwa muda gani, atakushangaa.

Fulana ya Kampala inagusa ubaguzi wa pili, ule wa mfuko. Kasi unaweza kuitafuta kwa jasho. Ada huitafuti hivyo. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kupanda barabara ya kuelekea Mweka katika mbio za Moshi atalipa usajili, nauli na chumba, katika wiki ambayo vyumba vya Moshi haviombi mteja. Viatu vipya vyenye bamba la kaboni vinapita dola 200 dukani Marekani, na kuna vikundi mijini ambako asiye navyo hutazamwa miguuni kabla ya kusalimiwa. Nairobi, msitu wa Karura ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi ndio mahali salama na pazuri kuliko pote pa kukimbilia, na getini kuna kiingilio. Si kikubwa kwa mwenye gari. Kwa kijana wa Huruma aliye ng'ambo ya barabara, mara tatu kwa wiki, ni hesabu.

Na kwa kuwa tuko katika Jumuiya moja, wapanga ada wa nchi zote watazame ramani kabla ya kutazama pasipoti. Mkenya wa Taveta yuko karibu zaidi na Moshi kuliko Mtanzania wa Mwanza; kumpangia bei ya mtalii wa Munich ni kichekesho.

Wanachodai watu wa mwisho, wakisikilizwa vizuri, ni kidogo mno. Hawaombi shada la maua wala hawaombi kilomita zipunguzwe. Wanaomba muda wa mwisho uandikwe kwenye fomu kwa herufi zinazosomeka, siku ya kulipa, siyo utangazwe na spika wakiwa kilomita ya 35. Kama ni saa sita, basi maji, gari la wagonjwa na askari wa barabarani wawepo mpaka dakika ya mwisho ya saa ya sita, na medali zihesabiwe kwa walioandikishwa badala ya kwa waliotangulia. Baada ya hapo lije gari la kuwaokota walioshindwa, wapande, wapewe soda, waambiwe pole.

Wadhamini, ambao nembo zao ndizo zinazojaza fulana hizo, wangeweza kulidai hili kwa barua moja tu. Meneja masoko mmoja asimame kilomita ya 38 baada ya saa tano na dakika arobaini, peke yake, bila mpiga picha, ahesabu chupa zilizobaki mezani na watu ambao bado wanakuja.