Kila Nyumba Itenge Mahali pa Mgonjwa

Ukiingia katika nyumba nyingi nchini Tanzania, ziwe za mjini au za kijijini, utakuta mahali palipotengwa kwa ajili ya mgeni. Kiti chake kipo, kikombe chake kipo, na pengine zipo hata shuka zisizotandikwa mpaka yeye afike. Lakini yuko mgeni mwingine ambaye huingia kila nyumba bila kupiga hodi, tena mara nyingi usiku wa manane, naye hakuwekewa chochote. Mgeni huyo ni maradhi. Afikapo, tochi haionekani, vidonge huchambuliwa katika kopo lisilo na maandishi, majirani huamshwa kuulizwa habari ya gari, na wakati huo mtoto anazidi kuharisha. Ni maoni ya mwandishi wa makala hii kwamba mahali pa mgonjwa ni sehemu ya nyumba kama kilivyo choo na jiko, na kwamba nyumba isiyo na mahali hapo haijakamilika.

Msomaji anaweza kuuliza: wale wanaopanga chumba kimoja watatoa wapi chumba cha pili? Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba lililo muhimu ni utaratibu. Pembe iliyo karibu na dirisha, pazia la kanga, kitanda kimoja kinachoweza kusogezwa, na sanduku moja lenye mfuniko, hivyo vyatosha kuwa mwanzo. Mwenye chumba cha ziada na akitumie. Asiye nacho asijione kuwa hana la kufanya.

Jambo la kwanza ni hewa. Florence Nightingale, mwuguzi wa Kiingereza aliyewahudumia askari katika vita vya Krimea, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba kazi ya kwanza ya mwuguzi ni kuhakikisha kuwa hewa anayovuta mgonjwa ni safi kama ile ya nje, bila ya kumtia baridi. Sayansi ya siku hizi imeunga mkono shauri hilo, kwa kuwa vijidudu vya kifua kikuu na vya magonjwa mengine ya njia ya hewa hupungua pale hewa ipitapo. Hata hivyo, bado tunawafungia wagonjwa madirisha, na katika baadhi ya nyumba mama aliyejifungua huwekewa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili apate joto. Desturi hii ni ya hatari kubwa. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hulala asiamke. Mama na mtoto wake wapewe joto kwa blanketi na kwa kukumbatiana ngozi kwa ngozi. Jiko libaki nje.

Wako wanaodhani kwamba kuuguza ni kazi ya wataalamu peke yao, na kwamba jamaa wa mgonjwa hawawezi ila kungoja. Historia inatoa jibu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Maji ya kutundikiwa mishipani yalipokuwa yakielekea kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji ya kunywa yaliyochanganywa chumvi na sukari kwa vipimo, na walionywesha wengi wao walikuwa ni ndugu wa wagonjwa wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifikia takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Sababu yake ni kwamba utumbo, hata ukiwa umeshambuliwa na vijidudu vya kipindupindu, bado unaweza kufyonza chumvi ikiwa imefuatana na sukari, na maji hufuata nyuma yao. Ugunduzi huo umeokoa mamilioni ya watoto, nao hauhitaji zaidi ya maji salama, pakiti na mtu aliye makini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuwekwa katika sanduku la mgonjwa kiwe pakiti za ORS zisizopungua 4, pamoja na chombo kinachojulikana kwa hakika kuwa ni cha lita 1. Nasisitiza chombo, kwa sababu pakiti ikikorogwa katika maji machache mno huweza kumdhuru mtoto, na ikikorogwa katika maji mengi mno haimfai vya kutosha. Ikiwa pakiti hazikupatikana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vikorogwe katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe. Mtoto anayeharisha huhitaji pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa na mhudumu wa afya, na mwenye kunyonya aendelee kunyonya.

Vitu vingine ni hivi: ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia, ndoo ya pili yenye mfuniko kwa matapishi, mpira wa kutandika chini ya shuka, chandarua, glavu, shashi, bandeji, pamba na mkasi, kipimajoto, tochi, dawa ya klorini ya kusafishia, na paracetamol ikiwa na karatasi yake ya maelezo. Tena pawepo saa yenye mshale wa sekunde. Saa hiyo ni chombo cha uganga kuliko watu wanavyodhani, maana mtoto mwenye kikohozi anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, akiwa na umri wa miezi 2 hadi 12, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5, huenda ana nimonia na yapasa apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Yafaa pia kusema ni vitu gani visiwemo. Masalio ya viuavijasumu vya mgonjwa wa mwaka jana yasiwemo. Dozi isiyokamilika haiponyi, bali huwapa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa. Sisi tumekwisha kuona jinsi dawa inavyopoteza nguvu: klorokwini, iliyokuwa tegemeo letu dhidi ya malaria, iliachwa Tanzania Bara mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeishinda, na dawa ya SP iliyochukua nafasi yake ikaachwa nayo kuwa tiba ya kwanza mwaka 2006, ilipochaguliwa dawa mseto ya ALu. Kila homa isidhaniwe kuwa malaria. Damu ipimwe kwanza. Aspirini wasipewe watoto. Na mafuta ya taa yasihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, kwa maana yakipanda yaweza kuingia mapafuni, akimbizwe hospitali.

Kubwa zaidi, mahali pa mgonjwa nyumbani pasigeuzwe hospitali. Kazi yake ni kuhifadhi uhai na kununua wakati. Ukutani pabandikwe karatasi yenye dalili za hatari: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au aliyezimia. Hizo ni dalili za kuondoka mara moja. Chini yake paandikwe namba ya simu ya mwenye gari au pikipiki aliyekubali kuitwa usiku, na namba 115 ambayo ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Fedha ya nauli iwekwe katika bahasha ndani ya sanduku, wala isikopwe kwa ajili ya sukari ya nyumbani.

Kadhalika yako maradhi yasiyopasa kuuguzwa nyumbani kwa siri. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa homa ya Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Ugonjwa wa namna hiyo huambukiza kwa majimaji ya mwili, na anayeambukizwa mapema ni yule anayemwosha na kumlisha mgonjwa kwa mapenzi. Mahali palipotengwa, mwuguzaji mmoja aliyevaa glavu, na taarifa ya haraka kwa kituo cha afya ndiyo ngao ya jamaa nzima. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Katika maradhi ya kuambukiza, kifo hakimwumbui mmoja tu.

Huenda pakatokea hoja kwamba mashauri haya yanawabebesha wananchi mzigo wa Serikali. Sikubaliani. Zahanati yenye dawa na wahudumu ni haki ya wananchi, na hakuna sanduku linaloweza kuchukua nafasi yake. Lakini hata zahanati iliyo bora ina mwendo wa kuifikia, na saa zilizo kati ya kuugua na kufika ni saa za nyumbani. Saa hizo, kwa sasa, zinabebwa na mama, dada na nyanya, ambao hukesha bila vifaa na bila kupokewa. Baba anayenunua redio asishindwe kununua kipimajoto, wala asione haya kujifunza kukoroga ORS.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na kutokana nayo vyoo vingi vilichimbwa kwa nguvu za wananchi wenyewe. Hatukosi redio leo, na simu zimeongezeka. Napendekeza shule, misikiti, makanisa na serikali za vijiji na mitaa zitenge siku moja kila mwaka, kabla ya mvua za masika, ambapo kila nyumba itafungua sanduku lake, itaondoa dawa zilizopita muda na kuzipeleka kituo cha afya ziteketezwe, itajaza upungufu, na kumfundisha kila aliye na umri wa kutosha namna ya kupima lita 1. Gharama ni ndogo kuliko ile ya mazishi. Tuanze na nyumba zetu wenyewe, kabla mgeni yule hajafika.