Mwanachama asiyeitwa mkutanoni

Ukinunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu, uwe Mafinga au Mwanjelwa, unarudishiwa ujumbe wenye tarakimu 20. Wengi wetu tunazibonyeza kwenye mita, taa inawaka, tunaendelea na shughuli. Lakini siku moja soma na yale maandishi mengine ya LUKU. Kuna VAT asilimia 18. Kuna EWURA asilimia 1. Kuna REA, ya umeme vijijini, asilimia 3. Wenye nyumba mijini, tangu Agosti 2021, wanakatwa humo humo na kodi ya jengo. Hiyo ya REA ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika haya, maana ukiitazama vizuri ni mchango: wewe uliyekwisha kuwashiwa unachangia nguzo ya mwenzako aliye gizani.

Sasa, Nyanda za Juu Kusini tunajua anayechangia hutendewaje. Awe kwenye kikoba cha mtaani, SACCOS ya walimu au AMCOS ya kakao kule Kyela, huitwa mkutanoni. Anasomewa mapato na matumizi, ananyoosha mkono kupitisha makisio na ukomo wa madeni, anachagua bodi, anaibana bodi aliyoichagua mwenyewe, anakunywa soda, anaondoka. Kwenye umeme, taarifa inayomfikia ni ya aina moja tu: kesho kutwa umeme utakatika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni kupisha matengenezo, tunaomba radhi kwa usumbufu. Sina ugomvi na tangazo hilo, bora lije kuliko lisije. Ila ni tangazo la kumpa mteja. Je, mtu wa kijijini Mbeya au Iringa abaki mteja, au naye awe mwanachama wa umeme wake?

Jambo hili limeshajaribiwa humu humu nchini. Mwaka 1993 watu wa Urambo, Tabora, waliunda chama cha ushirika cha watumiaji umeme, wakisaidiwa na wataalamu wa Sweden pamoja na TANESCO. Walikuwa na mitambo ya dizeli na saa chache za mwanga jioni. Bei ya uniti ilikuwa juu sana ukilinganisha na ya TANESCO, na bado watu walilipa, kwa sababu dizeli iliyonunuliwa waliijua na bei yake waliijua. Hapo pana somo ambalo wataalamu wa nishati hulipita mbiombio: mtu huvumilia bei asiyoipenda akionyeshwa imetokana na nini.

Karibu nasi zaidi kuna Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa 2012. Huko kuna LUMAMA, jina lililounganishwa kutoka Lupande, Madunda na Mawengi. Ni mtambo wa maporomoko wa kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA na fedha za Umoja wa Ulaya, kisha ukawekwa mikononi mwa jumuiya ya watumiaji wenyewe. Kilowati 300 ni kidogo mno ukizitazama kutoka Dar es Salaam. Ukizitazama kutoka Mawengi ni mashine ya kusaga, kinyozi, fundi wa kuchomelea, friji ya chanjo na taa ya mtoto anayejisomea.

Mtambo wa namna hii una tabia moja inayoulazimisha ushirika uwepo hata kama sheria haikuutaja. Maji yake yanatoka kwenye vijito ambavyo watu hao hao wanalima vinyungu kandokando yake. Anayelima hadi ukingoni kiangazi, au anayekata miti ya chanzo, anapunguza umeme wa jirani yake, na wa kwake pia. Hakuna mita inayoweza kumkamata. Kinachomkamata ni kikao, pale mzee mmoja anaposimama na kusema, bila kumung'unya maneno, shamba la nani limeingia mtoni. Ndivyo ilivyo hata kwa mkaratusi ulioinamia waya: kwa mteja ni kazi ya shirika, naye atapiga simu na kusubiri; mwanachama anajua usipokatwa leo, mvua ya Machi itaulaza juu ya nyaya na kijiji kizima kitalala giza.

Kuna njia ya tatu, ya kampuni. Mwenga, wilayani Mufindi, ni mtambo wa megawati 4 ulioanza kazi 2012; unaiuzia TANESCO umeme na pia unawasambazia wanavijiji kwa nyaya zake wenyewe. Mwaka 2020 iliongezwa mitambo ya upepo. Ni kazi nzuri, na inaonyesha kwamba mzalishaji mdogo na gridi ya taifa wanaweza kuishi nyumba moja. Lakini kampuni ina wenye hisa, na mkutano wao mkuu haufanyiki chini ya mwembe wa kijiji.

Wapinzani wa ushirika wana hoja, na nyingine ni nzito. Sisi ndio nchi iliyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha 1982, na kati ya hapo hadi leo mkulima amesikia kila aina ya hadithi ya fedha zilizoliwa. Umpe mtu wa namna hiyo bodi ya umeme? Halafu kuna bei. Mtumiaji mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Bei hiyo inawezekana kwa sababu mtumiaji mkubwa anambeba mdogo, jambo ambalo ushirika wa vijiji vichache hauliwezi. Mwaka 2020 Serikali ilipowataka wazalishaji binafsi wadogo vijijini nao washuke hadi bei ya TANESCO, mwananchi alishangilia, na ana haki. Mwenye mtambo alishika kichwa, naye ana haki.

Kwa hiyo sipendekezi tukate nyaya tujitenge. Gridi imeshafika: nguzo za Mufindi zimesambaa nchi nzima, na kazi sasa imehamia kwenye vitongoji. Tena gridi yenyewe inakula maji yetu. Ruaha Mkuu unaopita bonde la Usangu, Mbeya, ndio unaojaza Mtera ya megawati 80 na kuteremka hadi Kidatu ya 204. Kihansi yenye megawati 180 inanywa mvua za milima ya Iringa. Tunatoa maji, tunatoa nguzo, tunatoa asilimia 3. Mwenye mchango wa namna hiyo kumwita mteja tu ni kumpunja.

Ninachodai ni kidogo, na hakihitaji sheria mpya. Kwanza, mitambo ya vijiji kama ya Ludewa isiuliwe gridi inapoifikia. Utaratibu wa wazalishaji wadogo kuiuzia TANESCO upo tangu zamani, utumike, na jumuiya ibaki na mtambo wake. Pili, tabia ya ushirika ihamie kwenye gridi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3, na ajenda zake tunazijua: madawati, barabara, mifugo iliyoingia mashambani. Iongezwe moja.

Watendaji wa vijiji vya Rungwe, Mbarali, Kilolo na Mufindi, mwandikieni barua meneja wa TANESCO wa wilaya yenu kabla ya mkutano ujao. Aje na karatasi moja: nguzo ngapi zimeoza, transfoma ipi imezidiwa, wangapi wamelipia na bado hawajaunganishwa, umeme ulikatika mara ngapi tangu mkutano uliopita na kwa nini. Aisome kwa sauti, kisha ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kijiji.