Uchumba wa Kuigiza: Mtamu Kitabuni, Mchungu Barazani



Mimi mzaliwa wa Unguja, ila riziki yangu iko Arusha, kwenye duka la ushonaji si mbali na Soko Kuu. Nashona magauni ya harusi ya Kiislamu na ya Kikristo. Bibi harusi wa Kilutheri kutoka Usa River na bibi harusi wetu kutoka Ngarenaro hukaa benchi moja kusubiri kupimwa, wakipiga soga.

Mteja mmoja wa Kikristo, siku ya kuchukua gauni lake, aliniachia riwaya. "Dada, soma hii, utalia." Ilikuwa Love Comes Softly ya Janette Oke, mwandishi wa Kanada, iliyotoka mwaka 1979. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini niliimaliza kwa siku nne, nguo za watu zikinisubiri. Marty anafiwa na mumewe safarini. Siku ya maziko, mgane anayeitwa Clark anamwomba waoane ili binti yake mdogo apate mama. Mapenzi hakuna. Clark anamuahidi kwamba msafara ukipita na yeye akitaka kurudi kwao, atamlipia nauli. Kila mtu analala kwake. Mapenzi yanaingia polepole, kwa kuni zilizokatwa na chai iliyopikwa.

Nikaomba nyingine, na nyingine. Nikakuta nyingi zimekatwa kitambaa kimoja: msichana anamkodi mchumba wa kwenda naye harusi ya binamu yake, au wawili wanajifanya wachumba ili wazee wanyamaze, mwisho uongo unageuka kweli. Na sisi tunazo zetu, zile za ndoa ya mkataba kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya 1 mpaka ya 70, na ukitaka mwisho unaambiwa utume hela.

Kwa nini zinatushika hivi? Nimefikiri sana nikiwa kwenye cherehani. Fundi hupiga bandi kwanza, uzi mrefu wa kushikiza tu. Ukikosea unauvuta, unatoka, kitambaa hakijaharibika. Riwaya hizi ni mapenzi ya bandi. Mwanamke anamuona mwanamume akiwa na njaa, akiwa amechoka, akikasirika, akimhudumia mgonjwa, na bado ana ruhusa ya kuondoka. Na kwa kuwa ni vitabu vya watu wanaoogopa dhambi, hakuna mambo ya kitandani. Heshima inatangulia. Ni mwanamke gani anayejilinda asiyetamani kumjua mtu hivyo kabla ya kumpa maisha yake?

Tena kuna lile la pili, ambalo sisi tuliovuka miaka 25 tunalijua: mchumba wa uongo anaziba midomo.

Hili sikulisoma kitabuni. Nilikuwa na miaka 29, nikienda nyumbani Unguja kwa Sikukuu ya Idi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeulizwa "utaolewa lini?" mpaka jikoni, mpaka msibani. Basi nikapita kwa sonara hapa Arusha, nikajinunulia pete ya fedha. Nilipofika nikasema nimechumbiwa, mtu wa huko huko Bara, mambo bado hayajakamilika. Wallahi, ile Idi ilikuwa tamu. Hakuna aliyenihurumia.

Mama akaingia upatu kwa ajili ya harusi yangu. Akaanza kununua doti za kanga, moja moja. Mimi nikawa najiambia nitamwambia mwezi ujao.

Miezi mitatu baadaye nikasikia kwa wifi yangu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu Jang'ombe, mtu wa dini na kazi yake, alimtuma shangazi yake kuniulizia. Mama akawaambia, "Mwanangu ana mtu." Wakashukuru, wakanywa kahawa, wakaondoka. Hawakuuliza mara mbili, kwa sababu wanajua Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kuposa juu ya posa ya nduguye, mpaka yule wa kwanza aache au atoe ruhusa. Wao walifuata dini. Mlango niliufunga mimi, kwa pete ya kununua. Mwaka uliofuata akaoa.

Nilipomwambia mama ukweli hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kwa hiyo mimi niliwadanganya wale watu?"

Ndipo nilipoona tofauti. Kitabuni uongo ni wa watu wawili. Kwetu uchumba una mama, shangazi, majirani na upatu ndani yake. Na ndoa yenyewe haina bandi kabisa. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi tumefundishwa kwamba ndoa, talaka na kumrejea mke havina mzaha: anayetania amehesabiwa kama aliyekusudia. Hata serikali haichezi nayo. Huku Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa aliyevunjiwa ahadi ya ndoa haki ya kudai fidia mahakamani.

Sisemi mtupe vitabu. Mimi bado nasoma. Ninachosema ni kwamba ile njaa inayotupeleka kule ni njaa ya halali, na dini imeiwekea chakula. Mughira bin Shu'ba alipotaka kuoa, Mtume (s.a.w.) alimwambia akamtazame yule mwanamke, kwani hilo huleta mapenzi baina yao. Basi bibi harusi mtarajiwa, kaa naye mbele ya walii wako, muulize. Akikasirika anafanyaje? Kazi yako itaendelea? Mtakaa wapi? Mpeleke kaka yako akawaulize majirani zake na anaofanya nao kazi. Weka masharti yako kabla ya akdi, kwani masharti ya ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutekelezwa. Swali istikhara. Na ukiona siye, sema hapana. Hapana ya posa ni nyepesi kuliko talaka.

Na nyinyi mama na shangazi zetu, nawaomba kwa adabu zote. Kila "utaolewa lini?" inamsukuma binti mmoja kwa sonara. Muombeeni dua kimya kimya, na akija mtu wa maana mleteni.

Leo nina miaka 34, sijaolewa, na vidole vyangu havina pete. Nikiulizwa najibu, "Bado, niombee." Zile kanga mama hakuzirudisha dukani. Ameziweka sandukuni, na nikienda Idi ananionyesha.

Wabillahi tawfiq.