Noti Nne za Kumwita Rafiki
Juzi jioni pale Kayanga, Karagwe, mvua ikigonga bati, nilisikiliza tena wimbo "Shine On You Crazy Diamond" wa kundi la Pink Floyd la Uingereza. Ni roki ile ya nyimbo ndefu. Huu, ukijumlisha sehemu zake zote, unapita dakika 25, na mwimbaji husubiri zaidi ya dakika nane ndipo aanze. Kabla yake gitaa linadondosha noti nne tu, linanyamaza, linazirudia, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Waliyemwimbia ni Syd Barrett, mwanzilishi mwenzao, aliyeyumba kiakili akatoka kundini mwaka 1968. Juni 1975, wakiwa studio na kazi hiyohiyo, aliingia amenenepa, amenyoa hadi nyusi, na wenzake hawakumtambua. Hapo moyo wangu hukwama kila mara. Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuogopi urefu wa wimbo kama huo: mpiga enanga, ala yetu ambayo uzi wake mmoja hupita huku na huku juu ya ubao, humsimulia marehemu bila kutazama saa. Natamani kijana wa Nkwenda kule Kyerwa mwenye gitaa akae na mzee wa enanga, wamtungie rafiki yao wimbo, wala wasiharakishe.