Kohozi lapimwa kijijini, moyo wafuatwa Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MCHIMBAJI mdogo wa Geita akikohoa kwa wiki mbili, pa kwenda panajulikana. Kohozi lake hupimwa bila malipo, na akikutwa na kifua kikuu hupewa dawa bila malipo na kufuatiliwa hadi amalize tiba. Lakini ikiwa kikohozi hicho, pamoja na kukosa pumzi alalapo chali na kuvimba miguu, chanzo chake ni moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, safari yake huwa ndefu, na yaweza kuanza kwa kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Katika machimbo, kila anayehema kwa shida hudhaniwa ameharibiwa na vumbi la duarani. Vijijini Usukumani, miguu iliyovimba na tumbo lililojaa maji huweza kusomwa kuwa ni kazi ya mchawi, na mganga wa jadi ndiye huonwa kwanza. Ni rahisi kumlaumu mgonjwa kwa hilo. Hata hivyo, mganga yupo jirani, anazungumza Kisukuma, ana muda wa kusikiliza, na aghalabu hukubali kulipwa baadaye. Serikali yenyewe ilimtambua kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ila haijamfundisha vya kutosha ni dalili zipi ampeleke mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.

Wapo wanaodhani maradhi ya moyo ni ya matajiri wa mijini. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha vingine. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55 tu. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, kwa asilimia 45, ilhali kuziba kwa mishipa ya moyo hakukufikia hata asilimia 10. Huko Bugando, Mwanza, uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliolazwa kati ya mwaka 2009 na 2011 uliyaweka maradhi yatokanayo na shinikizo la damu mbele ya sababu nyingine zote za vifo kwa waliozidi miaka 50.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili ingezuilika kwa kipimo cha presha na vidonge vya bei nafuu, vinavyomezwa kila siku maisha yote. Hapo ndipo penye kikwazo. Utafiti mwingine wa mwaka 2014, uliohusu vituo vya tiba vya Kanda ya Ziwa, ulibaini kuwa zahanati na vituo vya afya vilikuwa nyuma sana ya hospitali kwa dawa, vifaa na mafunzo ya kutibu shinikizo la damu.

Mkazi wa Songwa, wilayani Kishapu, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui, anaweza kufika Kolandoto au Shinyanga mjini bila taabu kubwa. Akihitaji daktari bingwa wa moyo, Bugando iko zaidi ya kilometa 100, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, takriban kilometa 1,000. Madaktari wa taasisi hiyo wamekuwa wakizuru mikoani, jambo la kupongezwa, lakini wakishaondoka mgonjwa hubaki na cheti cha dawa na duka la dawa lililo mbali.

Kinachoshangaza ni kwamba nchi hii inajua namna ya kufanya. Tangu mpango wa kitaifa wa tiba ya UKIMWI ulipoanza mwaka 2004, dawa za bure zimesogezwa hadi vituo vya vijijini, na mwenye kadi ya kliniki anayehama anaweza kuhamishiwa kituo kingine. Mchimbaji mwenye ugonjwa wa moyo anayefuata rashi mpya ya dhahabu hubeba daftari tu, na likilowa shimoni historia yake imepotea.

Msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo huanzia miaka 60, umri ambao wengi wa wagonjwa wale wa Muhimbili hawakuwa wameufikia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Lakini kadi ya bima hainunui dawa ambayo zahanati haina.

Umbali na lugha si vikwazo vya nchi maskini pekee. Australia ni tajiri, lakini Waaborijini hupata ugonjwa huu wakiwa na umri mdogo kuliko wananchi wengine. Mwaka 1971, huko Redfern, Sydney, walianzisha huduma ya afya inayoendeshwa na jamii yao wenyewe, na mfano huo ukaenea nchini humo.

Kwa Shinyanga na Geita, pa kuanzia pangekuwa rafu ya dawa: vidonge vya presha na vya kupunguza maji mwilini viwepo kila mwezi katika zahanati ileile inayompokea mgonjwa wa kifua kikuu, na muuguzi aliyefunzwa kumtazama miguu kabla ya kumwandikia kipimo cha kohozi.