Mkulima asiuziwe gari kwa lumbesa

Wananchi wa Njombe wanaijua lumbesa. Kwa miaka mingi viongozi wamesimama katika mikutano ya hadhara kulaani gunia la viazi linalojazwa hadi kupita mdomo wake, kisha likavikwa kilemba cha kamba, huku mkulima akilipwa bei ya gunia la kilo 100. Vita hivyo ni vya haki na bado havijaisha. Lakini ipo lumbesa nyingine isiyotajwa mikutanoni, nayo humpata mkulima yule yule siku anapofunga akiba yake kibindoni na kushuka Makambako kutafuta gari.

Gari lenyewe ni dogo. Ni ile Suzuki Carry ambayo wananchi wameibatiza jina la kirikuu, yenye injini ya sentimita za ujazo 660, kwani hicho ndicho kikomo ambacho sheria ya Japani imewawekea watengenezaji wa magari ya aina hiyo tangu 1990. Kwa mtu wa milimani, yenye gia za mkono ndiyo inayofaa. Katika mteremko wenye utelezi dereva huizuia kwa gia ndogo bila kuunguza breki, na asubuhi ya Juni, sakitu inapolala juu ya nyasi na betri ikagoma, vijana wanne wataisukuma mpaka iwake. Fundi wa kijijini naye anaijua klachi yake tangu utoto wa ufundi wake.

Muuzaji huliita gari hilo jipya. Upya wake ni wa Tanzania tu, maana huko Japani limekwisha kutumika miaka kadhaa, na pengine lilibeba mboga za mkulima mwingine. Jambo hilo si kosa. Kosa huanza pale bei inapotajwa kama siri ya mganga.

Bei ya kirikuu iliyosimama Makambako ina mafungu matatu. La kwanza ni thamani yake ilikonunuliwa pamoja na nauli ya meli na bima mpaka Dar es Salaam. La pili ni kodi: ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na tozo nyinginezo ambazo huongezeka gari likiwa na umri mkubwa. La tatu ni gharama na faida ya muuzaji, pamoja na kile madalali wanachokiita cha juu. Muuzaji akipunguza bei, hapunguzi kodi ya Serikali wala nauli ya meli. Hupunguza fungu la tatu peke yake. Kwa hiyo mnunuzi asiyejua mafungu mawili ya kwanza hapatani bei, anaomba huruma.

Wazee watakumbuka Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Utaratibu ule ulikuwa na udhaifu wake, na si haki kuuficha: bei ilijulikana, lakini gari halikupatikana ila kwa kibali na subira ndefu. Tangu 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, magari yakaanza kuonekana, na bei ndiyo iliyopotea.

Sasa mtazame mkulima akifika. Anaamkiwa kwa "kamwene", anaitwa mzee hata kama hajafika miaka arobaini, anaambiwa kwamba yeye atafanyiwa bei ya nyumbani. Dalali aliyemsindikiza tangu stendi anasimama kando kama ndugu yake, kumbe analipwa na upande wa pili. Injini imekwisha kuwashwa mapema ili isikohoe mbele ya mgeni. Mnunuzi mwenye akili atainua kiti, maana injini iko chini yake, aguse; akiikuta ya moto, aseme atarudi kesho alfajiri.

Fundi awe wa mnunuzi, alipwe na mnunuzi. Aingie chini ya gari atazame fremu, kwa kuwa magari yaliyotoka kaskazini ya Japani yamepita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na kutu yake hufichwa kwa rangi nyeusi. Avute breki ya mkono, atie gia ya tatu, aachie klachi polepole. Injini ikizima, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Kisha alipeleke gari kwenye mteremko wa barabara ya Njombe, aone kama gia ya pili inaruka. Kila ubovu utakaoonekana una bei yake kwa fundi, na bei hiyo ndiyo ya kuwekwa mezani, si maneno ya "punguza kidogo, ndugu yangu". Tena likumbukwe kuwa gari hilo limeundwa kubeba kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya halali.

Wapo watakaosema kwamba muuzaji naye ana watoto na pango la kiwanja, na faida si dhambi. Ni kweli. Hakuna anayedai auze kwa hasara. Kinachopingwa ni mtu kuficha hesabu ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania imekwisha kuiweka hadharani. Katika tovuti yake kipo kikokotoo: ukiandika aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, hutoa jumla ya kodi. Kijana yeyote wa sekondari aweza kumsomea baba yake kwa simu.

Lakini si kila mzee ana kijana karibu, na hapo ndipo vyama vya ushirika vya msingi vinapopaswa kuulizwa. Vinabandika bei ya mazao ukutani; ni kitu gani kinachovizuia kubandika pia kodi ya kirikuu ya kila mwaka wa kutengenezwa? Wanachama watano wanaotaka magari wakienda pamoja na fundi mmoja, muuzaji atazungumza nao kwa lugha nyingine. Karatasi hiyo ingefaa iwe ukutani kabla ya viazi kung'olewa, kwani fedha za mavuno zikishaingia mifukoni, bei za Makambako nazo hupanda kabla mkulima hajapanda basi.